Kamera Ndiyo Inayojua: Saratani ya Tumbo na Jina la Vidonda

Mtu akiumwa chembe ya moyo, awe Mkotokuyana, Nachingwea mjini au Ruangwa, huku kwetu mkoani Lindi, ugonjwa huwa umeshapewa jina kabla hajapimwa: vidonda vya tumbo. Hununua magnesiamu ya kutafuna au omeprazole duka la dawa, akapata nafuu. Mara nyingi jina hilo huwa sahihi. Lakini saratani ya tumbo nayo huanza kwa kiungulia, kujaa gesi na kichefuchefu. Tena omeprazole hupunguza asidi, na asidi ikipungua, hata kidonda cha saratani huweza kufunga juujuu huku uvimbe ukiendelea kukua. Kwa hiyo nafuu ya dawa si ushahidi kwamba mtu hana saratani.

Magonjwa haya mawili yana chanzo kikubwa kimoja, bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren walimtambua mjini Perth, Australia, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Tangu 1994 bakteria huyo amewekwa rasmi miongoni mwa visababishi vya saratani. Watu wengi Afrika Mashariki wanaye tangu utotoni, na wengi wao hawatapata saratani kamwe. Ndiyo maana kipimo cha choo kinachoonyesha bakteria hakimalizi swali. Kinachopaswa kumshtua mtu ni dalili za hatari: kukonda bila sababu, kushiba kwa matonge machache, chakula kukwama kikimezwa, kutapika mara kwa mara, upungufu wa damu usioeleweka, kutapika damu, au choo cheusi kinachonata kama lami. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, hivyo anayevitumia amweleze daktari.

Wapo watakaosema kwamba kipimo cha kamera, kile cha kutazama ndani ya tumbo, kiko mbali na kina gharama, na kwamba haiwezekani kila mwenye kiungulia apelekwe. Ni kweli, wala si lazima kila mmoja aende. Kazi ya kuchuja inaanzia zahanati, kwa mizani, kipimo cha wingi wa damu na maswali machache. Mwenye dalili za hatari ndiye aombewe rufaa kupitia hospitali ya wilaya hadi penye kamera, iwe hospitali ya mkoa, ya kanda au ya taifa ya Muhimbili. Huko mgonjwa hufika akiwa hajala, hupuliziwa dawa ya ganzi kooni, kisha mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi tumboni. Daktari akiona kidonda cha kutia shaka, hukata vinyama vidogo kadhaa na kuvipeleka maabara. Ultrasaundi haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo hiki.

Wengine hukata tamaa wakisema saratani haina dawa, basi ya nini kupima? Japani, ambako watu hupimwa mapema, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wanaogunduliwa ugonjwa ukiwa bado haujasambaa huwa hai miaka mitano baadaye. Kwetu wengi hufika hospitali saratani imeshaenea, upasuaji wa kuiondoa hauwezekani tena. Kinachoua zaidi hapo ni kuchelewa. Ukiona dalili hata moja kati ya hizo, usingoje malipo ya korosho: nenda zahanati wiki hii, na uulize habari ya rufaa.