Kodi ya Kibera na Bei ya Hofu

Anayetaka kununua jengo la kupangisha huanza na hesabu moja fupi. Huchukua kodi ya mwaka mzima, akatoa gharama za ukarabati, maji, ulinzi na vyumba vinavyokaa vitupu, kisha salio akaligawa kwa bei anayotakiwa kulipa. Asilimia anayoipata ndiyo nitakayoiita hapa kiwango cha mapato. Hesabu hii hutumika sana kwa majumba ya katikati ya jiji. Leo natamani tuipeleke Kibera na Kawangware.

Tuchukulie, kwa mfano tu, ploti mbili zenye vyumba kumi kila moja, na kila chumba kodi yake ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 360,000. Tukitoa gharama za 60,000, husalia 300,000. Ploti ya Kibera, isiyokuwa na hati, yauzwa kwa shilingi milioni moja. Ile ya Kawangware, yenye hati, kwa milioni tatu. Kiwango cha kwanza ni asilimia 30, cha pili ni 10.

Msomaji mwepesi atasema kwamba wa Kibera ndiye mjanja. La hasha! Kodi ni ile ile. Asilimia imekuwa kubwa kwa kuwa bei ni ndogo, nayo bei ni ndogo kwa kuwa mnunuzi anaogopa.

Hofu hiyo ina asili yake. Kibera ilianza mapema katika karne ya 20 kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, lakini ardhi ikabaki mikononi mwa serikali. Wanubi walipata hati ya ekari 288 mwaka 2017 tu. Kwingineko, lugha yetu husema kweli bila kukusudia: tunamwita mpangishaji "mwenye nyumba", naye kwa hakika ana nyumba, hana ardhi. Mwezi Julai 2018 matingatinga yalipofungua njia ya kuunganisha Barabara ya Ngong na Lang'ata, yaliyokuwa mapato asubuhi yalikuwa vifusi jioni. Kawangware, ambako ploti nyingi ni mali ya watu binafsi, mabati yamekuwa yakipisha ghorofa za mawe.

Mwenye kuhofia kubomolewa hutaka fedha zake zirudi upesi. Kwa asilimia 30 hurudi baada ya miaka mitatu na ushei, na katika muda huo hana haja ya kujenga choo cha kudumu wala kuinua ukuta wa mawe. Basi anayeilipia hofu ya mwenye nyumba ni mpangaji, kwa kuishi katika chumba kibovu.

Mwishoni mwa 2001, Rais Moi na Raila Odinga, aliyekuwa Mbunge wa Lang'ata, walisema hadharani kwamba kodi za Kibera zipunguzwe. Zilifuata ghasia baina ya wapangaji na wenye nyumba, na watu wakapoteza maisha. Tamko lile liligusa kodi, lisiguse hofu, bali liliizidisha.

Je, dawa ni hati? Ndiyo, lakini si hati peke yake. Siku ploti ile ya Kibera itakapopata hati, bei yake yaweza kufikia milioni tatu bila tofali moja kuongezwa. Hizo milioni mbili ni za nani? Zikimwendea mwenye nyumba pekee, atabomoa mabati, ajenge ghorofa, apandishe kodi. Na mpangaji aliyeilipia hofu kwa miaka mingi atafukuzwa siku hofu inapoondoka.

Kwa hiyo nashauri kila hati itakayotolewa itanguliwe na mkataba wa maandishi unaomlinda mpangaji aliyemo, kodi yake ikijulikana kwa miaka kadhaa. Thamani inayozaliwa na sahihi ya serikali ni ya umma kabla ya kuwa ya mtu.