Kamera ya Huko Nyuma: Acha Soni, Mshikaji!

Vijana wa Bukoba bwana, kwa kupendeza hatuna mpinzani. Lakini mtu akiona damu chooni, kimya! Anajipima mwenyewe, anasema ni bawasiri, anakwenda gulioni Muleba kununua dawa ya mizizi kwenye chupa ya maji, basi, maisha yanaendelea.

Sawa, mara nyingi huwa ni bawasiri kweli. Ila siyo kila mara. Mnamkumbuka Chadwick Boseman, yule jamaa wa filamu ya Black Panther? Saratani ya utumbo mpana ilimwondoa Agosti 2020, ana miaka 43 tu. Ilipogunduliwa 2016 tayari ilikuwa hatua ya tatu.

Saratani hii mara nyingi huanza na kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo. Hakiumi wala hakina haraka, kinaweza kuchukua miaka 10 na zaidi kugeuka. Vingine havigeuki kabisa. Sasa daktari atajuaje kipi ndicho kibaya? Hapo ndipo utamu ulipo.

Anapitisha njia ya haja kubwa mpira mwembamba wenye kamera. Kwa mwanga wa kawaida vinyama vinafanana fanana. Mitambo ya kisasa ina swichi: akibonyeza, inabaki bluu na kijani tu. Damu hufyonza rangi hizo, hivyo vimishipa vinajichora vya kahawia, utadhani ramani. Kinyama cha hatari kwa kawaida huonekana cheusi kuliko sehemu inayokizunguka. Kile kipole hupauka. Kikishukiwa kinanaswa kwa kitanzi cha waya, kinakatwa palepale (mchezo huo waliuanza madaktari Wolff na Shinya, New York, 1969), halafu kinapelekwa maabara, maana jicho nalo hudanganya.

Kasheshe ni maandalizi. Unakunywa dawa ya kuharisha mpaka utumbo uwe safi kabisa, na matoke unayasikia harufu tu kwa jirani. Senene ndiyo usiwaze!

Kwetu rufaa kubwa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza. Anzia karibu: walio Muleba kuna Rubya, mjini Bukoba kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Meli ni usiku mmoja. Kwa basi, daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko tangu 2025.

Daktari atakuuliza damu ilianza lini, ina rangi gani, na kama kuna mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kuugua saratani hii. Hilo la mwisho kamuulize mama kabla hujakata tiketi.