Daftari la Madeni Kwenye Simu, Bila Kuwa Mtaalamu wa Kompyuta

Wenzangu mnaosoma kompyuta mtanicheka, maana mimi nasoma ualimu na sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Lakini duka la mama mdogo hapa Wazo sasa lina programu yake ya madeni, na nimeitengeneza mimi kwa jioni nne.

Duka linauza saruji, nondo na misumari. Kiwanda kiko hapo kilimani tangu 1966, kwa hiyo saruji si tatizo. Tatizo ni mafundi wanaochukua mifuko 20 kwa ahadi ya "tajiri akinilipa nakuletea", halafu wanalipa kidogo kidogo: leo 50,000 mkononi, keshokutwa 30,000 kwa simu. Deni liko ukurasa wa 12, malipo yako ukurasa wa 31. Mahesabu yasipolingana, wa kwanza kutazamwa vibaya ni kijana anayeuza.

Nilitumia AppSheet, ambayo Google waliinunua 2020. Unaipa jedwali la Google Sheets, inasoma vichwa vya safu na data iliyomo, inakisia ipi ni tarehe na ipi ni pesa, kisha inakutengenezea fomu na orodha kwenye simu. Ikikisia vibaya, unarekebisha kwa kuchagua kwenye menyu. Intaneti ikikata, simu inahifadhi na kutuma baadaye.

Hiyo ni sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye jedwali lenyewe. Wengi wetu tungehamisha daftari kama lilivyo: jina, mzigo, deni, alicholipa, salio, vyote mstari mmoja. Sasa fundi akilipa mara tatu unaongeza safu tatu? Akilipa mara saba je? Dawa ni kutenganisha majedwali matatu: wateja, mauzo ya mkopo, na malipo. Kila mteja anapewa namba, na namba hiyo ndiyo inayomfuata kwenye mauzo na malipo, kwa sababu mafundi wa jina moja hawakosekani. Salio haliandikwi na mtu yeyote. Programu inajumlisha alichochukua na kutoa alicholipa: mifuko 20 kwa 16,000 ni 320,000, toa 80,000, zimebaki 240,000. Hakuna ubishi.

Nilipomwonyesha mama mdogo, aliuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, mtu akifuta je?" Swali hilo linazidi mengi ya semina zetu. Jibu liko kwenye ruhusa. Kijana anaweza kuona na kuongeza, hawezi kuhariri wala kufuta. Akiingiza tarakimu isiyo sahihi, anaongeza mstari wa kusahihisha na ule wa zamani unabaki. Kila mstari unabeba saa na barua pepe ya aliyeuingiza, jambo linalomlinda yeye kuliko mtu mwingine yeyote: hela isipoonekana, hasingiziwi tu.

Halafu kuna sheria, ambayo wanafunzi hatuifikirii sana. Majina, namba za simu na madeni ya watu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Daftari la karatasi linasomwa na aliye kaunta. Jedwali la mtandaoni lililoachwa wazi kwa yeyote mwenye kiungo linaweza kusomwa hata na washindani wako. Funga hicho kiungo kabla hujaingiza jina la kwanza.

Kwa mnaoenda kukusanya data za utafiti, ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, 2008, inafanya kazi kwa wazo hilohilo: maswali unayaandika kwenye mistari ya Excel, yanageuka fomu ya simu.

Gharama? AppSheet ni bure kwa majaribio ya watu wasiozidi 10. Ukiifanya rasmi, unalipia kila mtumiaji kila mwezi, kwa hiyo piga hesabu kwanza. Genge la nyanya halihitaji hayo yote. Google Forms na jedwali lake vinatosha, jamani.