Risasi ya Kulungu

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika duka la bunduki huko Wisconsin au Pennsylvania, akitafuta silaha ya kuwindia kulungu mkia-mweupe, hupokewa na namba: .243, .270, .308, .30-30, .30-06. Namba hizi hazikupangwa na mtu mmoja, ndiyo maana zinachanganya. Ya kwanza ni kipenyo kwa sehemu za inchi; .30 ni kama milimita 7.62. Ya pili hubadilika maana. Katika .30-06, ile "06" ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea risasi hiyo. Katika .30-30, iliyotoka mwaka 1895, "30" ya mwisho ni uzito wa baruti iliyotiwa kwenye ganda.

Ziache namba kwanza, umtazame mnyama. Dume la majimbo ya kaskazini huweza kupita kilo 100. Wa kusini mwa Texas ni wadogo zaidi. Ngozi yake si nene, na mifupa yake si ya nyati. Moyo na mapafu viko nyuma kidogo ya bega, eneo la kama sentimita 20, upana wa sahani ndogo. Risasi yoyote kati ya hizo, ikipita hapo, kulungu hafiki mbali. Ikipita tumboni, hata iwe kubwa namna gani, atakimbilia vichakani akafe taratibu kwa saa nyingi. Mateso hayo ndiyo yanayonifanya niandike sura hii.

W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliwaangusha mamia kwa bunduki ya milimita 7, ambayo wenzake waliiona ndogo mno. Bell alikuwa amepasua vichwa vya tembo akajifunza ubongo ulipo. Simtaji ili aigwe. Kazi yake ilikuwa kuua kwa ajili ya pembe. Namtaja kwa sababu alijua risasi yake inakwenda wapi.

Na kinachoipoteza risasi njia, mara nyingi, ni teke la bunduki. Bega likishaumia, jicho hujifumba na kidole hukivuta kifyatulio kwa pupa kabla hata ya mlio. Kwa kijana au mtu mwepesi napendelea .243 ya mwaka 1955: kichwa cha risasi cha gramu 6.5, mwendo wa karibu mita 900 kwa sekunde, teke dogo. Kwa mtu mzima, .308 inatosha kabisa. Anayeipenda .30-06 aichukue, mradi bega lake limeizoea.

Mahali nako kuna neno lake. Katika misitu minene, kulungu huonekana akiwa mita 50 tu, na hapo Winchester ya mwaka 1894, bunduki ya .30-30 iliyo fupi na nyepesi, bado inafaa sana. Ila risasi zake hulala kwenye bomba chini ya mtutu, kichwa cha moja kikigusa fataki ya nyingine. Kichwa kigumu chenye ncha kali kinaweza kuilipua iliyo mbele yake, kwa hiyo .30-30 hupewa vichwa butu, vinavyopoteza kasi mapema. Kwenye mashamba wazi, .270 hunyooka zaidi. Ohio, yenye nyumba nyingi, sheria inadai ganda lisilobanwa shingoni, kwani risasi za aina hiyo haziendi mbali sana.

California, tangu Julai 2019, imekataza kabisa vichwa vya risasi vya madini ya risasi katika uwindaji; vya shaba ndivyo vinavyotumika. Hata pasipo sheria hiyo ningechagua shaba, maana madini ya risasi humeguka vipande vidogo ndani ya nyama itakayoliwa na watoto.

Fedha iliyobaki nunua maboksi ya risasi za mazoezi. Vaa koti lile lile zito la msimu, keti kama utakavyoketi porini, lenga sahani. Usipoweza kuweka tatu mfululizo ndani yake kwa mita 100, jaribu mita 70, kisha 50. Panapokubali, huo ndio umbali wako mwaka huu.