Zamu Ndani ya Kompyuta

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Prosesa yenye kiini kimoja haiwezi. Hushika kazi moja tu, zilizobaki hungoja. Mwenye kuzigawia zamu ni mfumo endeshi, nao hubadilisha zamu upesi mno, mara nyingi katika sekunde moja, hata jicho lisitambue.

Fikirini mashine ya kusaga hapa Kasulu siku ya soko. Mmoja ameleta magunia mawili ya mahindi, mwingine debe moja la mihogo. Msagaji akimaliza magunia kwanza, mwenye debe atashinda hapo kutwa. Afadhali asage debe moja moja kwa kila mtu. Linux, mfumo ambao ndio msingi wa simu za Android, ilifuata njia ya namna hiyo. Mwaka 2007 Ingo Molnár aliutia utaratibu wa kuhesabu muda ambao kila kazi imekwisha kupata, kisha iliyopata kidogo kuliko zote ndiyo ipewe zamu. Mwaka 2023 ulipokewa na mwingine, unaotazama pia kila kazi yafaa ihudumiwe lini.

Lakini kugawa sawa si kuwahi. Yupo mama mwenye debe moja, na basi lake la Kibondo laondoka saa nne. Akisagiwa saa tano, unga anao, basi hana. Sauti katika simu ni kama mama huyo: kipande chake kikichelewa hakifai tena, nasi twasikia maneno yaliyokatika. Kazi kama hizo huitwa kazi za wakati halisi.

Mwaka 1973 Liu na Layland walithibitisha kanuni njema: anayebanwa na saa kuliko wote ahudumiwe kwanza. Katika prosesa moja, jumla ya mahitaji isipopita asilimia 100, hapana atakayechelewa. Tupige hesabu. Sauti yataka milisekunde 2 katika kila 10, yaani asilimia 20. Picha yataka 10 katika kila 40, yaani 25. Jumla 45. Ikija kazi itakayo asilimia 60, hapana budi ikataliwe mlangoni. Linux iliongezewa kanuni hii mwaka 2014.

Je, wote wakidai wana basi? Kwa kawaida Linux huweka akiba kama milisekunde 50 za kila sekunde kwa kazi zisizo na haraka. Bila akiba hiyo, kazi moja iliyoharibika yaweza kuikamata prosesa, hata amri ya kuisimamisha ikose zamu.

Tena, cheo cha kutangulia peke yake hakitoshi. Chombo cha Marekani, Mars Pathfinder, kilitua Mars tarehe 4 Julai 1997. Baadaye kompyuta yake ikawa inajizima na kuanza upya. Kazi ndogo ya kupima hali ya hewa ilikuwa imeshika ufunguo wa njia ya habari, na kazi kubwa ikiungoja. Zikaingia kazi za cheo cha kati, zikaipita ile ndogo, nayo isipate nafasi ya kurudisha ufunguo. Wahandisi wakatuma badiliko kutoka duniani: mwenye ufunguo aazimwe cheo cha anayemngoja, mpaka aurudishe. Chombo kikaendelea kuleta habari hadi Septemba.