Paka Si Mla Sima

Bila shaka umewahi kumwona paka aliyekonda ilhali tumbo lake limejaa. Huku kwetu Ganda paka wa namna hiyo ni wengi. Pita nyuma ya jiko lolote wakati wa chajio utamkuta ameinamia kigae, mbele yake pana tonge la sima lililomwagiwa mchuzi wa nazi ili lipate kumshuka. Analila, hana budi. Lakini manyoya yake yamesimama kama ya kuku aliyenyeshewa, na panya wakipita juu ya uchaga wa mahindi yeye huwasikiliza tu.

Katika makala haya nataka kueleza kwa nini sima si chakula cha paka, na namna tulivyomhamisha paka wetu, aitwaye Chui, akarudi kwenye chakula cha asili yake. Nasema mapema kwamba fedha sikuwa nazo. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na senti ninazopewa ni za boda siku za mvua.

Hebu tuanze na meno. Sisi wanadamu tuna magego mapana ya kusagia nafaka. Meno ya nyuma ya paka yamechongoka na hupishana kama mkasi. Kazi yake ni kukata nyama, si kusaga. Utumbo wake nao ni mfupi. Hata utamu wa sukari haujui! Mwaka 2005 wataalamu nchini Marekani walieleza kwamba jeni moja inayowezesha ulimi kuonja utamu imeharibika kwa paka, na kwa duma na chui milia vilevile. Kwa hiyo ukimwona paka analamba chai ya maziwa, ujue kilichomvuta si sukari.

Jambo kubwa zaidi ni kitu kiitwacho taurini. Mwili wa mtu hujitengenezea. Mwili wa paka hutengeneza kidogo mno, lazima akipate katika chakula, nacho kimo ndani ya nyama, moyo, samaki, na panya mzima mzima. Ndani ya mahindi, muhogo na mchicha ukitafuta hukioni. Mwaka 1975 wataalamu waligundua kwamba paka akikosa taurini sehemu ya nyuma ya jicho huharibika polepole, mwisho akapofuka. Mwaka 1987 wengine wakaonyesha kwamba moyo nao hutanuka na kulegea, ukashindwa kusukuma damu. Na hao wa 1987 hawakuwa paka wa sima kama wetu, la hasha! Baadhi walikuwa wakilishwa vyakula vya dukani. Tangu hapo viwanda vikaanza kuongeza taurini katika makopo yao. Basi ikiwa paka wa makopo aliweza kupungukiwa, huyu wa tonge na mchuzi je?

Kuna na vitamini A. Mtu akila embe au karoti mwili wake huigeuza ile rangi ya manjano ikawa vitamini. Paka hana uwezo huo, lazima aipate ikiwa tayari, mathalani kwenye maini.

Sasa nije kwa hawe, yaani nyanya yangu, maana yeye ndiye aliyenipinga. Aliniambia, "Mjukuu wangu, paka ukimpa samaki atakaa kitako kama bwana harusi. Na hao panya utawashika wewe?" Wengi hapa Ganda husema hivyo hivyo, na nadhani ndiyo sababu kubwa ya paka wetu kupewa sima: ati njaa ndiyo imtumayo kazi. Kwetu halikuwa jambo la mzaha. Mahindi yaliyo uchagani ndiyo chakula chetu mpaka mvua nyingine, na mama alikuwa tayari ametaja habari ya kununua dawa ya panya.

Nikiwa mkweli, hawe hakukosea yote. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwamba paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walipunguza windo walilolileta nyumbani kwa asilimia 36. Lakini tazama vizuri. Windo lilipungua, halikwisha. Isitoshe, paka wale hawakuanza wakiwa dhaifu wa sima. Walikuwa wakila vizuri tangu mwanzo. Paka huwinda hata akishiba, ndivyo alivyoumbwa. Mababu zake ni paka-mwitu wa Mashariki ya Kati, na waelezavyo wataalamu alikuja kwa watu akiwafuata panya walioifuata nafaka ghalani. Nafaka yenyewe hakuitaka. Huyu wetu alikuwa hawezi kuruka akafika uchagani. Hiyo asilimia ya kupungua ingetoka wapi?

Tukakubaliana hivi: chakula kikubwa apewe asubuhi, jioni apewe kidogo tu, ili usiku awe mwepesi. Na dawa ya panya isiingie nyumbani kabisa, maana panya aliyekula sumu akiliwa na paka, sumu ile humpata paka pia. Huwezi kuwa na vyote viwili. Mama aliguna, akatupa muda hadi muhula uishe.

Chakula chenyewe nilikipata kwa mama karanga. Kwa msomaji asiye wa pwani, mama karanga ni yule anunuaye samaki kwa wavuvi, akawakaanga na kuwauza kando ya njia. Anapowapara na kuwapasua hubaki na vichwa na mapezi. Nilimwendea nikitoka shule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wataka wa shilingi ngapi?"

"Sitaka wa kukaanga. Nataka vichwa vibichi, vya paka."

Alicheka hadi akauweka mwiko chini. "Paka wenu amepata kazi ya serikali?" Lakini tangu siku hiyo huniwekea kwenye kikopo, nami Jumamosi humteketia maji madumu mawili. Bei hiyo naiona ni nafuu.

Vichwa huvichemsha kwa maji matupu. Situmii chumvi, wala kitunguu maji, wala kitunguu saumu. Vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, kwa hivyo ule mchuzi tunaomhurumia nao wamdhuru. Kwa nini nisimpe vibichi? Kwa sababu baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, nacho hufa kwa moto. Miiba mikubwa naitoa kwa vidole. Maji ya kuchemshia simwagi, kwa kuwa taurini huyeyukia humo, namrudishia yakishapoa. Na ukiokota samaki ufukweni, jihadhari na bunju! Sumu yake haitoki kwa kuchemshwa, huua mtu na huua paka.

Samaki peke yake kila siku pia si sawa. Kwetu akichinjwa kuku, Chui hupata moyo, vipande vya firigisi na ini dogo. Ini nasema dogo, maana likizidi ile vitamini A hujaa mwilini ikamharibu mifupa.

Nilidhani siku ya kwanza angeshangilia. Wapi! Alinusa, akakung'uta mguu kana kwamba amekanyaga tope, akaenda kulilia sima mlangoni kwa hawe. Hawe alicheka sana siku ile. Kumbe paka aliyezoea chakula tangu utotoni hukikazania hata kama kinamwumiza. Wengine husema mwache na njaa, atakula tu. Usifanye hivyo hata kidogo. Paka asipokula siku mbili tatu, mafuta ya mwili wake hukimbilia kwenye ini likajaa, na aweza kufa.

Dawa yake ni kumwibia polepole. Siku tatu za mwanzo nilimchanganyia robo ya samaki na robo tatu za sima. Kisha nusu kwa nusu. Chakula nilikipasha moto kidogo, kwa sababu paka hula kwa pua kwanza, na chakula baridi hakinuki. Siku ya tano aliharisha, nikarudi hatua moja nyuma kwa siku mbili, akatengemaa. Ilipofika wiki ya pili sima ilikuwa chembechembe tu za kupaka, na mwisho wa wiki ile haikuwapo. Maziwa ya mbuzi ambayo hawe humpa kwa mapenzi tuliyasimamisha pia. Paka wakubwa wengi hawawezi kuyasaga, huwapa kuhara. Maji safi kwenye kifuu yanamtosha.

Baada ya wiki sita manyoya yalilala. Tongo za machoni zilikauka. Usiku mmoja tukasikia kishindo juu ya jiko, mama akadhani ni mwizi, kumbe Chui yuko uchagani. Wiki mbili zilizofuata nilihesabu panya saba alioacha kizingitini, na wengine nafikiri aliwala huko huko juu. Dawa ya panya haikununuliwa. Hawe bado hakubali kuwa ni samaki. Asema ni umri, paka amekomaa.

Tatizo lililobaki ni kusi. Bahari ikichafuka wavuvi wengi hawatoki, na mama karanga hukaa siku nzima na karai tupu. Hapo natumia dagaa wakavu wa dukani. Nawaroweka usiku kucha, asubuhi namwaga maji yale ya chumvi, nawaosha mara ya pili, ndipo nawachemsha. Konzi moja inamtosha kwa siku. Huwala taratibu kuliko vichwa vya tafi, tena huanza na macho.