Nani aliwagonjesha watu wa sinema ngambo ya ziwa?

Ukisimama Kasenyi ao Tchomia na kutazama Ziwa Albert, ngambo ile ni Uganda, na kule iko bandari ya Butiaba. Katika mwaka 1951 watu wa sinema walifika pale kutengeneza filamu The African Queen. Walikuwa wametoka huku kwetu, Kongo ya Wabelgiji, walikopiga picha kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu.

Karibu kundi lote liligonjwa tumbo. Mwigizaji Katharine Hepburn alikuwa na hali mbaya sana: alipoigiza anapiga kinanda kanisani, ndoo ya kutapikia iliwekwa pembeni, mahali kamera haioni. Lakini mwongozaji John Huston na mwigizaji Humphrey Bogart walibaki wazima. Juu ya nini?

Mpelelezi mwenye akili angeanza na hawa wazima. Walikula nini, walikunywa nini? Bogart alisema mwenyewe: chakula cha mikebe na wiski. Hepburn alichukizwa na ulevi wao, akanywa maji tu. Basi mshukiwa ni maji.

Hapo ndipo wengi wanapotea njia, wakisema pombe kali ni dawa. Hapana. Katika 1854 daktari John Snow alifuatilia kolera mtaani Soho, London, watu walipokufa kwa mamia. Karibu na pampu ya Broad Street kulikuwa kiwanda cha bia chenye wafanyakazi kama 70, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kolera. Walikunywa bia, ambayo maji yake huchemshwa, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Pombe haikuponya mtu. Wao hawakugusa maji ya ile pampu, ni hayo tu.

Kwa hiyo anayekunywa lotoko halafu anateremshia na maji ya ziwa hana kinga yoyote. Kolera inarudi mara kwa mara kwenye fukwe zetu. Chemsha maji mpaka yatokote ao tia klorini, funika bidoni. Na mtu akianza kuhara maji-maji, apewe maji ya chumvi na sukari njiani akipelekwa santé, asingoje asubuhi.

Wale wa sinema nao walijihadhari: picha zinazoonyesha Bogart na Hepburn wakiwa ndani ya maji zilipigwa Uingereza, ndani ya tangi.